Mlinzi mzee kwenye nyumba mpya

Kimya kimekuwa kirefu kidogo ila mnaelewa, wiki za testi hazina urafiki na mtu. Leo sileti habari za hosteli wala za foleni ya chakula. Nataka niweke hapa kitu cha historia, maana kuna watu hapa kampasi wanaamini sisi wa Historia tunajua Bismarck na Mkutano wa Berlin tu, basi.

Mada yenyewe ni hii: programu za kulinda kompyuta ambazo makampuni ya intaneti yalikuwa yakiwapa wateja wao, na namna programu hizo zilivyobaki nyuma kila mfumo mpya wa kompyuta ulipotoka. Najua kuna mtu atasema, "Ticha, hiyo kazi waachie watu wa IT." Sikubali. Kitu chochote chenye tarehe, chenye mtu aliyekitengeneza na sababu ya kukitengeneza, ni chetu sisi.

Halafu kuna sababu nyingine ya karibu zaidi. Wengi wetu tukimaliza tutapangiwa shule za sekondari, na ukiwa mwalimu kijana huulizwi umesoma nini. Mkuu wa shule anakuangalia, anasema "wewe si umetoka chuo juzi?", na unakabidhiwa funguo za chumba cha kompyuta. Kuanzia siku hiyo mitihani ya shule nzima, alama za wanafunzi na barua za ofisi vinakaa mikononi mwako. Kwa hiyo tusikilizane.

TUANZE MBALI KIDOGO

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mashine ya kujaza chumba. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona fedha nyingi za kigeni zinakwenda na kazi iliyotarajiwa haionekani. Marufuku hiyo ililegezwa polepole, na Watanzania wengi walianza kuona kompyuta kwa macho miaka ya 1990 na 2000. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003, na TCRA ikaundwa kwa sheria ya mwaka huo huo.

Nayataja haya ili tuelewe jambo moja. Wakati sisi tunaanza kuzoea kipanya, wenzetu Marekani na Ulaya walishafika kwenye tatizo la pili: kompyuta zote zimeunganishwa, na zinaumwa pamoja.

Windows XP ilitoka Oktoba 2001. Ilikuwa nzuri, ila milango yake ilikuwa wazi. Agosti 2003 kikaja kirusi kinachoitwa Blaster, na mwaka 2004 kikafuata Sasser. Hivi havikusubiri ufungue barua pepe ya ajabu. Kompyuta ikishaunganishwa tu kwenye intaneti inavamiwa, inaanza kujizima na kujiwasha. Na mteja alipopata shida hiyo alimpigia nani? Hakuipigia Microsoft. Aliipigia kampuni inayomuuzia intaneti: "Mtandao wenu mbovu!"

Hapo ndipo zawadi ilipozaliwa. Kampuni ya intaneti ikapiga hesabu: kila simu ya malalamiko ina gharama, na kila kompyuta yenye virusi inatapika barua taka kwenye mtandao. Ni nafuu kumpa mteja antivairasi bure. AOL ya Marekani ilitoa AOL 9.0 Security Edition mwishoni mwa 2004, ikiwa na McAfee ndani yake. Comcast nayo iliwapa wateja wake McAfee, halafu mwaka 2010 ikahamia Norton. Kuna kampuni ya Finland, F-Secure, ambayo sehemu kubwa ya biashara yake ilikuwa kuuza kinga kupitia makampuni ya intaneti na simu. Mteja anaona nembo ya kampuni yake, kumbe ndani ni F-Secure.

Kwa hiyo wadau, ile "bure" ilikuwa na mwenyewe. Ililipiwa ndani ya bili ya mwezi, na iliwekwa kwanza kabisa ili kuilinda kampuni dhidi ya hasara. Siwalaumu. Ila mwanahistoria lazima aulize zawadi imetoka wapi.

VISTA ILIPOKUJA

Tarehe 30 Januari 2007 Microsoft wakaanza kuuza Windows Vista kwa watu wote. Wengi wanaikumbuka kwa uzito wake na kwa maswali yake ("una uhakika unataka kufungua hii?"). Ila kwa walinzi wa kompyuta Vista ilikuwa ni nyumba iliyobomolewa na kujengwa upya usiku mmoja.

Ngoja nieleze kwa lugha yetu. Antivairasi ni tofauti na programu ya kuchapa barua. Ili imkamate mwizi, lazima ikae njiani: kila faili inapofunguliwa iikague, kila kitu kinachoingia kutoka intaneti ikipekue. Ili ikae hapo inahitaji kuingia mpaka chumba cha ndani kabisa cha mfumo, kinaitwa kerneli, kwa kutumia vipande vidogo vya programu vinavyoitwa draiva. Sasa Vista ilibadilisha njia zenyewe. Njia ya intaneti ndani ya kompyuta iliandikwa upya, na vizuizi vya zamani vilivyotengenezwa kwa XP vilijikuta vimesimama kwenye uchochoro ambao haupitiki tena. Kwenye Vista ya biti 64 kila draiva ya kerneli ilitakiwa iwe na saini inayotambulika, la sivyo haipandi. Na kulikuwa na ulinzi uliokataza programu yoyote ya nje kuichokonoa kerneli, hata kama ni antivairasi yenye nia njema.

Wenye antivairasi walikasirika. Oktoba 2006 McAfee walilipia ukurasa mzima wa gazeti la Financial Times kulalamika kwamba Microsoft inawafungia nje. Symantec nao walikuwa kwenye ugomvi huo huo. Microsoft wakajibu kwamba mlango ukiachwa wazi kwa mlinzi, mwizi naye anaupitia. Nikiwaambia ukweli, pande zote mbili zilikuwa na hoja. Na ugomvi huu haujazeeka: tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja baya la CrowdStrike, programu ya ulinzi inayoingia mpaka kerneli, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikabaki viwanjani. Mlinzi mwenye funguo zote akianguka, anaanguka na nyumba.

Sasa turudi kwa mteja wa kawaida. Watengenezaji wakubwa walihangaika wakatoa matoleo ya Vista. Lakini antivairasi ya kampuni ya intaneti ilikuwa na safari ndefu zaidi. Mtengenezaji anaandika toleo jipya, kampuni inalipaka rangi na nembo yake, inalipima na mitambo yake, inawafundisha watu wake wa kupokea simu, ndipo mteja anapata. Kila kituo kinakula wiki au miezi. Wakati huo huo madukani kompyuta mpya nyingi zinatoka na Vista tayari. Unanunua kompyuta, unatumbukiza CD uliyopewa na kampuni yako, moja kati ya haya linatokea: inakataa kabisa kuingia, au inaingia halafu intaneti inakata, maana kizuizi cha zamani kimekaa mahali pasipo pake. Mbaya zaidi, ukiiondoa haiondoki yote. Mpaka ikabidi Norton na McAfee watoe programu maalum za kuondolea mabaki ya programu zao wenyewe. Duh!

HUKU KWETU ZAWADI ILIKUWA NYINGINE

Sasa mtaniuliza, Singida inahusikaje? Hatukuwahi kupanga foleni ya CD za AOL.

Ni kweli. Miaka ile intaneti kwa wengi ilikuwa ya kwenye kafe, unalipia kwa dakika, laini ya simu au dishi la setilaiti linagawanywa na kompyuta zote. Orodha ya virusi ya antivairasi inatakiwa isasishwe kila siku, na kila sasisho lina uzito wake. Kwa mwendo ule, kompyuta kumi zikianza kusasisha kwa pamoja wateja wote wanasimama. Mwenye kafe akifanya hesabu ya biashara, anazima masasisho. Aliyekuwa na kompyuta nyumbani au ofisini alitegemea mtu aliyetoka Dodoma au Dar na masasisho kwenye flashi. Na hapo ndipo penye kichekesho cha kuliza: flashi iliyoleta dawa ndiyo iliyoleta na ugonjwa.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, 2010 ukafuata EASSy, na Mkongo wa Taifa nao ukawa unajengwa kuelekea mikoani. Makampuni ya simu yakaanza kumwaga modemu za USB. Mnazikumbuka? Kama kiberiti, zina sehemu ya kuweka laini. Kaka zetu walizivaa shingoni kama kitambulisho. Hii ndiyo zawadi ya kampuni ya intaneti kwa Mtanzania, na ndani yake kulikuwa na programu.

Modemu nyingi zilikuwa za Huawei, na programu yake ilijulikana kama Mobile Partner, au ile ile iliyopakwa rangi za kampuni ya simu. Ukichomeka, modemu inajifanya ni CD. Kompyuta inaona "CD imeingia", inajiendesha, programu inapanda. Ujanja mzuri kwa mtu ambaye hana CD wala ufundi. Ila fikirini kidogo: tabia hiyo ya kujiendesha yenyewe ndiyo ile ile iliyokuwa inatumiwa na virusi vya flashi. Februari 2011 Microsoft walisambaza sasisho la kuizima kwa flashi kwenye XP na Vista, lakini CD zikaachwa. Na modemu, kwa macho ya kompyuta, ilikuwa CD.

Machi 2013, kwenye mkutano wa Black Hat kule Amsterdam, watafiti wawili, Nikita Tarakanov na Oleg Kupreev, walionyesha jinsi programu za modemu hizi zilivyokuwa dhaifu: mtu angeweza kubadilisha kilichomo ndani ya modemu, na ikichomekwa kwingine inapandikiza alichotaka yeye. Wakati huo modemu zilishaenea maofisini.

Na tatizo la mfumo mpya likajirudia kama vile Vista haikutufundisha kitu. Programu imetengenezwa enzi za XP. Unanunua laptopu yenye Windows 8, baadaye Windows 10 iliyotoka Julai 2015, unachomeka modemu, programu inagoma au inaonyesha haijaona kifaa. Kampuni ilishahamia kuuza bando za simu janja, modemu haina faida tena, nani atakuandikia toleo jipya? Na zile modemu zilizochakachuliwa zikubali laini yoyote ndiyo kabisa, zilikuwa yatima: kampuni iliyoziuza haizitambui, na kampuni ya laini iliyomo haijawahi kuziona. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

KIDONDA NA BANDEJI

Kuna tofauti moja ambayo ningependa kila mwalimu mtarajiwa aishike. Antivairasi inatambua mwizi. Masasisho ya mfumo wenyewe yanaziba tundu alilopitia. Historia inaonyesha tundu ndilo lililotuumiza zaidi.

Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft walitoa kiraka cha tundu kubwa kwenye Windows. Novemba kirusi cha Conficker kikaanza kupita hapo hapo, na kufikia mwisho wa mwaka kilishajifunza kusafiri kwa flashi. Kiliingia mpaka jeshi la majini la Ufaransa. Tena kilizuia kompyuta isifungue tovuti za wenye antivairasi, yaani mgonjwa anazuiwa kwenda hospitali. Miaka tisa baadaye mchezo ule ule: kiraka kilitoka tarehe 14 Machi 2017, na WannaCry ikaanza kufunga mafaili ya watu na kudai pesa tarehe 12 Mei 2017. Miezi miwili ilikuwepo katikati! Kompyuta nyingi zilizoumia zilikuwa Windows 7, ambazo kiraka chake kilikuwepo.

Microsoft wenyewe waliamua kuajiri mlinzi wa ndani. Septemba 2009 walitoa Security Essentials bure, na Windows 8 mwaka 2012 ikaja na Defender iliyojengwa humo humo. Mlinzi huyu anabadilika pamoja na nyumba. Ukiweka antivairasi nyingine yeye anajiweka pembeni, maana walinzi wawili kwenye lango moja wanakamatana wenyewe. Hapo ndipo CD za makampuni ya intaneti zilipoanza kukosa kazi, na pia ndipo hatari mpya ilipoanza: antivairasi ya zamani iliyokwisha muda inaweza kubaki imekaa kwenye kiti, haifanyi kazi, na aliyeajiriwa anaambiwa kiti kina mtu.

Hili nimeliona. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja mkoani humu (jina naliacha), chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine za Windows 7 zenye antivairasi ambayo orodha yake ya virusi ilikuwa ya mwaka 2013. Alama yake pale chini ya skrini ilikuwa nyekundu. Nikamuuliza mwanafunzi wa kidato cha pili kama anajua maana yake. Akanijibu kwa heshima zote: "Mwalimu, hiyo ni nembo yake. Huwa nyekundu siku zote." Nilikosa la kusema. Mtoto amekua anaona king'ora kinalia mpaka anadhani ndio wimbo wa shule.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa taaluma alileta flashi yenye mitihani ya kidato cha nne, yote imegeuka shotikati. Fundi alikuwa ameshamwambia aifomati, apoteze kila kitu. Kumbe kirusi cha aina hiyo mara nyingi hakifuti mafaili, kinayaficha tu. Kwenye dirisha la amri ukiandika attrib -h -r -s /s /d ukiwa ndani ya flashi, mafaili yanatokea. Unanakili ya maana, shotikati zote unafuta, halafu unasafisha na kompyuta iliyoleta ugonjwa. Mitihani ilipatikana. Ila jamani, elimu ya watoto mia na kitu ilikuwa inaning'inia kwenye flashi moja isiyo na nakala.

SASA HIVI

Tarehe 14 Januari 2020 Windows 7 iliacha kupewa viraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Windows 10, ingawa watu binafsi waliruhusiwa kujiandikisha kwa mwaka mmoja wa ziada, hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za msaada zilizoko mashuleni kwetu hazifikishi vigezo hivyo.

Na hapa historia imegeuka kichwa chini. Microsoft wamesema Defender kwenye Windows 10 itaendelea kuletewa orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Mwaka 2007 tatizo lilikuwa mlinzi mzee kwenye nyumba mpya. Sasa tuna mlinzi mwenye taarifa za leo asubuhi, analinda nyumba ambayo kuta zake hakuna anayezikarabati. Alama itakuwa ya kijani, na kijani hicho kitawadanganya watu kuliko ile nyekundu.

Tufanyeje? Mimi naona hivi. Ukipewa funguo za chumba cha kompyuta, ifanyie kila mashine maswali yale yale tunayofundishwa kuuliza chanzo cha historia: nani ametengeneza hiki, lini, na kwa ajili ya nani? Andika kwenye daftari mfumo gani umo na tarehe yake ya mwisho. Antivairasi iliyokufa itoe, umwachie wa ndani kiti chake. Mashine zisizoweza Windows 11 ziwekewe Linux, ni bure na inasasishwa, na ODT au DOCX zote inafungua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilishatuletea Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, kwa hiyo tusijifanye ni kitu kigeni. Mitihani iwe na nakala sehemu mbili, na kompyuta ya mitihani isiguswe na flashi ya mtu yeyote, hata ya mkuu.

Na wanaotoa kompyuta mashuleni, iwe mfuko wa serikali au wafadhili kutoka nje, tuwaombe kitu kimoja kiandikwe kwenye hati ya makabidhiano: mashine hizi zitasasishwa mpaka lini, na nani atalipia bando la kusasishia. Wakati wa kukabidhi huwa tunapiga makofi, tunapiga na picha. Swali la tarehe huwa haliulizwi, na mwenye kulijibu baadaye ni mwalimu mwenye mshahara wa kwanza.

Kwa mwenye hoja tofauti, hasa nyie wa ICT mnaodhani nimewaingilia, karibuni tubishane. Naomba kuwasilisha.